Mwaka Bwana Alipolala Kitandani kwa Apu Epang

Ukiwauliza watu wa San Eloy Apu Epang ni nani, watakujibu, "Yule bibi mwenye Bwana." Hawatakwambia ni bibi anayepika peremende za maziwa ya nyati, ingawa wote wamezila tangu hawajaota meno, wala hawatakwambia jina lake la ubatizo ni Epifania, na kwamba Apu kwa lugha yetu ni bibi tu. Ni bibi mwenye Bwana, basi. Kwetu mkoani Pampanga ile sanamu ya Bwana Yesu aliyelazwa amekufa, inayotembezwa Ijumaa Kuu, si mali ya kanisa. Ni ya ukoo. Inalala kwenye nyumba ya mtu, inachanwa nywele na mtu, inavalishwa na mtu, na mtu huyo asipofungua mlango wake siku hiyo, kijiji kizima kinabaki na mishumaa mkononi kama mabwege.

Mimi naitwa Loleng, ni jirani yake, fundi cherehani, na mdomo wangu hauna breki. Padre Onofre amenikanya mara nyingi, nami humjibu kwamba aliyeniumba aliniona. Haya nitayasema kama yalivyokuwa, kwa sababu bado yananitia kichefuchefu, na mimi nikichefukwa lazima nitapike.

Bwana alikuja kwa Epang kutoka kwa baba yake, ambaye naye alimrithi kwa baba yake. Mwaka mlima ulipolipuka na tope likapanda mpaka madirishani, watu waliokoa televisheni na nguruwe. Epang na marehemu mumewe, Poldo, walimfunga Bwana kwenye godoro, wakampandisha juu ya paa, wakaketi naye kwenye mvua ya majivu mpaka mtumbwi ulipowafuata. Mwenye mtumbwi akasema hana nafasi ya sanamu. Epang akamwambia, "Basi mchukue yeye, sisi tutasubiri wa pili." Kifua cha Poldo hakikupona tena baada ya majivu yale, na mwaka uliofuata akafa. Hawakujaliwa mtoto. Epang akabaki na Bwana, na sufuria zake za maziwa, na ulimi ambao hata mimi niliuogopa. Mteja akibinyabinya peremende atasikia, "Toa vidole! Unapapasa nini, mchumba wako huyo?"

Chuki yake ya mtu kuuawa kwa amri ya serikali hakuipata kwenye barua yoyote ya maaskofu. Aliipata kwenye uwanja wa mji. Alipokuwa msichana, wakati wa waasi wa mashamba ya miwa, askari walileta maiti za waasi wakazipanga mbele ya boma ili watu wajifunze. Basi watu wakaja kujifunza. Walikuja na watoto mabegani. Epang anasema kuna mwanamke aliinamia uso wa marehemu mmoja akiguguna hindi la kuchemsha, punje zinamdondokea maiti shavuni, naye hana habari. Baba yake Epang akarudi nyumbani, akachukua mahameli nyeusi ya kumfunikia Bwana, akaenda kuwafunika wale wafu. Ofisa akamuuliza, "Mzee, na wewe ni mwasi?" Akajibu, "Mimi natunza maiti wa serikali. Hata yule wa nyumbani kwangu serikali ndiyo iliyomuua, tena kwa hukumu halali." Alipigwa kofi lililomziba sikio moja maisha yake yote. Epang alikuwa akinisimulia habari hiyo huku anafunga peremende kwenye karatasi, na kila akifika kwenye lile hindi alitema mate pembeni. "Hindi, Loleng! Hata hakuona haya kuendelea kutafuna."

Sasa Sisoy. Jina lake kamili Narciso, mtoto wa pekee wa Biring, yule mama anayefua nguo za watu kule mwisho wa kijiji. Sisoy aliua, tusizungushane hapo. Alilewa, akavunja dirisha la mzee Ambo akitafuta cha kuuza, mzee akaamka, Sisoy akampiga mchi wa kichwa. Watu walimkuta ameketi nje ya mlango analia, mchi uko miguuni pake. Mzee Ambo alikuwa mtu wa watu, na dada yake, Milagring, ndiye mwenyekiti wa kamati ya kigango chetu. Nilimlilia mzee yule mpaka sauti ikakauka. Alinifundisha kuendesha baiskeli.

Mahakama ikasema Sisoy achomwe sindano ya sumu. Kesi ikapanda, ikashuka, miaka ikapita. Biring alikuwa akienda gerezani kila mwezi na kopo la wali na samaki, na akirudi alipita kwa Epang, wanakaa jikoni bila kusema kitu. Kijiji kiliacha kumpa nguo za kufua. Hebu iangalie akili hiyo. Soksi zao zinazonuka, chupi za waume zao, zote zikawa takatifu mno kushikwa na mama wa muuaji! Epang peke yake ndiye aliyeendelea kumpa mashuka, na alipoishiwa mashuka machafu alimpa masafi.

Kwaresima ya mwaka huo Padre Onofre alisoma mimbarani barua ya maaskofu. Ilisema uhai ni wa Mungu, na serikali haina ruhusa ya kuutoa, hata ukiwa uhai wa muuaji. Watu wakakohoa. Kanisa zima lilishikwa na kikohozi ghafla kama limemwagiwa pilipili. Milagring akanyanyuka akatoka, nusu ya waumini wakamfuata, wakasimama nje wakila ndizi za kukaanga mpaka mahubiri yakaisha, kisha wakarudi ndani kupokea komunyo. Midomo inang'aa mafuta! Milagring nilimwelewa, damu ni damu. Lakini wale wengine, mzee Ambo alikuwa nani yao? Walimkopa akiwa hai na hawakumlipa.

"Apu, umeona?" nilimnong'oneza Epang.

"Nimeona. Funga mdomo usali, la sivyo nitasimama niwatukane humu humu."

Tarehe ikatoka. Ijumaa kabla ya Jumapili ya Matawi, saa tisa alasiri. Serikali ilitaka imalize mapema isije ikachafua Juma Kuu. Na saa tisa! Kwetu saa tisa redio na televisheni husimama kwa sala, maana ndiyo saa aliyokata roho Bwana, na hata dereva wa lori hujipiga ishara ya msalaba. Katika saa zote za mchana walizoumbiwa, walichagua hiyo.

Siku hiyo nilikwenda dukani kwa Kapitan Usting, mkuu wa kijiji chetu, kununua uzi mweusi. Haki ya Mungu nilifuata uzi tu. Nikakuta sherehe. Televisheni imetolewa nje, imewekwa juu ya kreti za bia, viti vimepangwa, Usting anakaanga ngozi ya nguruwe na watu wanachovya kwenye siki. Kwenye televisheni mtangazaji amesimama nje ya geti la gereza anasema rais bado hajapiga simu ya msamaha. Wanaume walikuwa wameicheza namba ya kifungo ya Sisoy kwenye bahati nasibu ya mtaani.

"Ikitoka hii, tunamjengea kaburi la vigae!" akasema mmoja. Walicheka mpaka ngozi ikawapalia.

"Kapitan, naomba uzi," nikasema.

"Kaa kwanza, dada Loleng. Bado dakika chache. Uzi haukimbii."

"Humwogopi Mungu wewe?"

"Mungu anakuja saa tisa kamili, na sisi tupo, tunamsubiri," akajibu, akageuza ngozi zake kwenye karai.

Ikafika saa tisa. Picha ya gereza ikatoka, ikaja picha ya Yesu wa Huruma na sauti ya mwanamke anayeongoza sala. Basi, jamani, wakasimama wote. Waliweka chupa chini. Walilamba vidole, wakapiga ishara ya msalaba, wakaitikia kwa sauti moja wakiomba huruma, kwao na kwa dunia nzima. Kwa upole! Macho yamefumbwa! Usting alikuwa na machozi kabisa, mimi nilimwona. Sala ikaisha, picha ya gereza ikarudi, na kabla hawajakaa vizuri Milagring akauliza, "Ameshakufa?"

"Bado hawajasema."

"Waseme basi," Usting akadakia, "ngozi zinapoa."

Walipotangaza, watu walipiga makofi. Niliondoka bila uzi. Nilitapika nyuma ya banda la nguruwe la Usting, na sioni haya kusema kwamba nguruwe wale walinitazama kwa adabu kuliko wenzao wa mbele ya duka.

Kesho yake kikanisa chetu kilikuwa na vitambaa viwili vimetundikwa juu ya mlango. Kimoja kilisema HERI YA JUMA KUU. Cha pili, chini yake, kwa rangi ileile na mwandiko uleule: ASANTE MHESHIMIWA RAIS, HAKI IMETENDEKA. Hicho cha pili walikileta kwangu nikipinde ncha. Niliwaambia cherehani inaumwa. "Inaumwa nini?" Nikasema, "Inaharisha."

Maiti ya Sisoy ikalazwa kwenye nyumba ya maiti mjini, na hapo ndipo shida ya Biring ilipoanza. Njia ya kwenda makaburini imebaki moja tu, inayopita mbele ya kikanisa. Ile nyingine iko chini ya mchanga wa mlima. Vijana wakarundika mawe kando ya uzio wa kikanisa, mchana kweupe, wakaapa kwamba jeneza la Sisoy likithubutu kupita litafika kaburini vipande vipande. Mwenye gari la maiti akasema hatoi gari lake lipondwe. Padre Onofre aliwaomba vijana, wakamzomea, padre wao wenyewe aliyewabatiza wadogo zao. Akamwambia Biring kwamba jeneza likifika makaburini atakuwepo na kitabu chake, siku yoyote, saa yoyote, ila njia hana uwezo wa kuifungua.

Biring akawa anapita nyumba kwa nyumba na shela yake kuukuu. Alifika hata kwa Milagring, akafungiwa mlango usoni. "Siwaombi wamlilie," aliniambia. "Siwaombi hata wafunge mbwa. Apite tu. Nataka mwanangu apite tu, nimzike karibu na baba yake." Siku zikawa zinakwenda, joto la Machi unalijua wewe, na nyumba ya maiti ilikuwa inamwambia haiwezi kukaa naye zaidi ya Ijumaa.

Jumatano ya Juma Kuu kamati ikaja kwa Epang kupanga maandamano. Nilikuwepo, nashona pindo la vazi la Bwana. Aliyesema kwanza ni Milagring.

"Apu, mwaka huu tumepata bendi kutoka mjini. Na taa za jenereta. Bwana atapendeza mno."

"Mtoto wa Biring atapita lini?" Epang akauliza.

Wakatazamana. "Apu, usituletee hayo siku takatifu."

"Takatifu ya nini? Nikumbusheni, mimi mzee nasahau. Hiyo Ijumaa kulitokea nini?"

"Bwana alikufa kwa ajili yetu," Usting akajibu kama mtoto wa katekisimu.

"Alikufa na nini? Malaria?"

Niliuma sindano nisicheke.

"Alihukumiwa, Usting," Epang akaendelea. "Kulikuwa na hakimu amenawa mikono. Kulikuwa na askari wa mshahara. Kulikuwa na watu waliokuja kutazama, na sina shaka kulikuwa na mpumbavu mmoja anawauzia ngozi ya nguruwe."

"Yerusalemu hawali nguruwe, Apu."

"Basi aliwauzia karanga! Mtu wa kuuza hakosekani."

"Bwana hakuua mtu!" Milagring akapaza sauti. "Unamlinganisha Bwana na mbwa yule?"

"Simlinganishi. Lakini kando yake aliangikwa jambazi, tena jambazi kweli, alikiri mwenyewe. Na huyo ndiye mtu ambaye Bwana alimwahidi paradiso siku ileile, kwa mdomo wake. Mimi hajaniahidi. Wewe amekuahidi?"

Milagring akaanza kulia. "Na kaka yangu nani alimhurumia? Alikufa sakafuni kama kuku, Apu. Kama kuku."

Epang akashusha sauti. "Mimi ndiye niliyemwosha kaka yako, binti yangu. Wewe ulikuwa umezimia. Nalijua jeraha lake kuliko hakimu anavyolijua, maana nililijaza pamba kwa vidole hivi. Nilimfunga taya kwa leso yangu mwenyewe. Sikwambii usilie. Sikwambii umpende Sisoy, mimi mwenyewe simpendi. Nakwambia mwache apite, mama yake amzike."

Kwa kitambo kidogo nilidhani limemwingia. Milagring alifuta macho, akatazama sakafu, akafungua mdomo. Usting akaharibu.

"Mimi na Milagring hatuna neno, Apu. Vijana ndio hawataki. Nitawazuiaje?"

"Vijana hao si ndio wanaovuta kamba za gari la Bwana?"

"Ndio haohao. Lakini hilo ni jambo jingine."

"Jambo jingine," Epang akasema. Alikuwa na hasira yake ile isiyopiga kelele, na mimi nikiiona hiyo huwa nasogeza vyombo. Akamenya peremende moja akampa Milagring, hakumpa Usting. Kisha akauliza tu, "Gari la maua linatoka mjini saa ngapi?"

Iko desturi moja ya ukoo wa Epang ambayo kijiji kizima kinaiheshimu. Bwana huvalishwa na wanawake, mlango umefungwa, na mwanaume haruhusiwi hata kuchungulia. Akishalazwa kwenye gari lake la magurudumu ya mbao, hufunikwa mahameli nyeusi mwili mzima, maua yakawekwa juu, na hutoka nyumbani hivyo hivyo amefunikwa mpaka mlangoni pa kikanisa. Hapo ndipo mwenyekiti wa kamati huvuta mahameli, watu wakauona uso wake, wakalia. Usiniulize kwa nini. Tumezaliwa tumekuta hivyo.

Ijumaa Kuu adhuhuri gari la maua likaingia ua wa Epang. Chini ya maua kulikuwa na jeneza. Dereva, Dencio, ni binamu wa marehemu Poldo, mtu wa mjini asiyejali mambo ya San Eloy. Yeye na mwenzake wakaliingiza jeneza bandani, wakalipandisha kwenye gari la Bwana, wakajipangusa jasho, wakaenda zao. Biring akashuka nyuma ya gari, petali zimemjaa kwenye nywele. Alikuwa amesafiri amelala chini ya maua pamoja na mwanawe.

Bwana mwenyewe tulikuwa tumeshamtoa, mimi nimeshika kichwani, Epang miguuni. Tukamlaza kwenye kitanda cha Epang. Akamvutia shuka mpaka kifuani, akamrekebisha mto, akamwambia kama unavyomwambia mgeni aliyekuta nyumba imejaa, "Samahani, Bwana. Leo utalala kwangu. Kuna mwenzio hana njia."

"Apu, hii si kufuru?" nilimuuliza.

"Kufuru ilifanyika Ijumaa iliyopita, kwenye televisheni. Shika pembe ya mahameli."

Alasiri vijana wa kamba wakaja wamevaa mashati meupe. Walipiga magoti mlangoni, wakainamisha vichwa, wakashika kamba. Walikuwa wamepamba hata uzio wa kikanisa, wamefunika mawe yao kwa matawi ya mitende ili yasiharibu mandhari.

"Bwana mwaka huu mzito," akasema mmoja wakivuta.

"Mmemwongezea," Epang akamjibu.

Ungeona watu barabarani! Walipiga magoti vumbini safu kwa safu. Walisogea na leso, wakaipangusa mahameli, wakajipaka shingoni, wakawapaka watoto vipaji vya uso. Mwanamke mmoja kati ya waliomfungia Biring mlango akamnyanyua mjukuu wake mgonjwa akamgusisha shavu kwenye pindo. Usting alipangusa mahameli kwa leso yake kubwa, akaibusu, akajifunga kwenye goti lenye baridi yabisi. Biring alikuwa akitembea kando yangu, amejifunika shela nyeusi kama wanawake wote wa maandamano, na kila mtu alipopiga magoti mbele ya mwanawe alinifinya mkono. Sijui alikuwa anafurahi au anaumia. Mimi nilitaka kucheka na nilitaka kutapika.

Tukafika mlangoni pa kikanisa. Bendi ikapiga. Milagring akaja na glavu zake nyeupe, akajipiga ishara ya msalaba, akaishika mahameli. Epang, aliyesimama upande wa pili, akamwambia taratibu, "Vuta, binti yangu."

Mahameli ikashuka. Jeneza jeupe la bei ya chini, lenye kioo, na ndani ya kioo uso wa Sisoy, amenyolewa, mdogo kuliko tulivyomkumbuka. Milagring akapiga ukelele. Bendi ikanyamaza chombo kimoja kimoja.

"Ni yeye!" mtu akasema. "Ni yule mbwa!"

Usting aliivua ile leso gotini utadhani ina siafu. Watu wakaanza kujisugua shingo. Yule mjukuu mgonjwa alisuguliwa shavu kwa mate ya bibi yake mpaka akalia. Walikuwa wamepiga magoti, wamebusu, wamejipaka, na sasa walitaka kuvua ngozi zao kabisa. Vijana wakaachia kamba wakakimbilia uzio, wakafunua matawi. Mawe yapo. Mmoja akarudi na jiwe la kujaza kiganja.

Epang akasogea akasimama mbele ya kioo, mwili wake mfupi hata hautoshi kukiziba.

"Rusha," akamwambia. "Mimi niko hapa, rusha. Lakini nisikilizeni kwanza. Bwana yuko kitandani kwangu, mlango nimeufunga, ufunguo uko kifuani. Mzikeni huyu, nami nitawafungulia mkamchukue. Hamumziki, leo hakuna maandamano. Bendi irudi mjini, jenereta izimwe, mwende mkalale."

"Huwezi!" Usting akapiga kelele. "Bwana ni wa kijiji!"

"Juu ya paa alikuwa wa nani, Usting? Wewe ulikuwa unavusha friji."

Nilitazama nyuso zao moja moja nikitafuta hata mmoja aliyeguswa. Ningeridhika na mmoja. Nilichokiona ni watu wanaopiga mahesabu. Jua linashuka, bendi imekuja, ndugu wametoka mbali kuona taa. Milagring peke yake ndiye aliyekuwa amekaa kwenye ngazi, mahameli magotini, anamtazama Sisoy kwenye kioo. Wengine walimtazama Usting, na Usting akatazama jua.

"Haya, malizeni haraka basi," akawaambia vijana. "Giza litaingia bure."

Wakatupa mawe, wakashika kamba. Walikwenda naye mbio, gari likirukaruka kwenye mashimo, maua yakimwagika, Biring akikimbia nyuma kiatu kimoja kimemtoka. Hakuna aliyerusha kitu. Hakuna aliyeimba. Padre Onofre, ambaye Epang alikuwa amemtumia habari mapema, alikuwa langoni mwa makaburi na kitabu chake kama alivyoahidi, akaanza kusoma, na mmoja wao, mtoto wa watu aliyefunga siku arobaini, akamwambia, "Fupisha, padre." Walimshusha kwenye shimo lililokuwa tayari kando ya baba yake, kwa kamba zilezile za Bwana. Walimfukia kwa majembe na kwa miguu.

Udongo ulipolingana, Biring alijifunga shela vizuri, akawaendea. Wote. Alimshika kila kijana mkono, mkono uleule uliookota jiwe, akauinamia, akaubusu. "Mungu akulipe, mwanangu," akasema. "Mungu akulipe. Asante kwa kumfikisha." Alikuwa akilia kwa shukrani za kweli, hakuwa anamsuta mtu. Epang alikuwa amefika nyuma yetu akitweta. Alimpa aliye karibu ule ufunguo, akageuza uso upande wa pili.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya safu yao, kwa hiyo nilichokiona nilikiona peke yangu. Kila aliyebusiwa alipeleka mkono wake nyuma, akaufuta kwenye suruali. Kisha wakaondoka mbio kwenda nyumbani kwa Epang, wakipigana vikumbo mlangoni, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kubusu miguu ya Bwana.